Kurasa za Baada ya Mkunjo

Mwalimu Leokadia tulimzika kwao, kijijini nje ya Bukoba, katikati ya migomba, siku ambayo mvua ilinyesha asubuhi na jioni, ikatuachia saa ya ibada tu. Nilitoka Mwanza na gari la kukodi, nikavuka daraja la Busisi kwa dakika chache, pale ambapo zamani tulisubiri kivuko mpaka hamu ya safari inaisha, na njia nzima nilikuwa na hasira. Gazeti moja lilikuwa limemwaga sifa za riwaya zake, kisha likamalizia kwamba aliwahi pia kuandika tamthilia ya televisheni kwa muda mfupi, bila mafanikio. Bila mafanikio, jamani. Mimi nilikuwepo. Mwaka ule nilikaa naye meza moja pale Nyakato, Mwanza, nikipiga chapa kila neno lake. Nilimwona akiandika kitu bora kuliko vyote alivyowahi kuandika, na nikamwona akikiondoa kwa kauli yake mwenyewe. Kama huko ndiko kushindwa, basi naomba na mimi nishindwe hivyo angalau mara moja kabla sijafa.

Habari za kwetu Magu na nilivyofika mjini nitaziruka, hazina jipya. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemaliza kidato cha sita, nimejifunza kompyuta kwenye steshenari moja Igoma. Prodyuza mmoja wa Dar es Salaam alikuwa amempangia Mwalimu nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mafuta ya pamba, ili aandike tamthilia ya watu wa ziwani: dada wawili wanaorithi hoteli ya samaki na kuigombania. Mwalimu alikuwa amestaafu kufundisha, na riwaya yake ya kwanza ilikuwa imemfanya ajulikane nchi nzima, lakini kompyuta alikuwa haijui. Ndipo nikaitwa mimi. Nilipomwamkia shikamoo aliitika marahaba bila kuinua macho, kisha akaniuliza, "Unajua kupiga chapa, au unajua kubonyeza?" Nikamjibu kwamba ninajua vyote viwili, na kusoma pia. Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Hilo la kusoma tutaliona," akasema, akanisogezea kiti.

Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi. Mimi nilikaa upande wa kompyuta, ambayo alikuwa ameishonea kitambaa cha kuifunika, na yeye alikaa upande wa dirisha. Dirisha hilo lilitazama bomba la maji walikopita wanawake wa kiwandani zamu zikibadilishana, na saa hizo kalamu yake ilisimama. Alisikiliza. Siku moja tulimsikia mmoja akisema, "Mume wangu karudi," mwenzake akauliza, "Karudi na nini?" na wa kwanza akajibu, "Na njaa." Mwalimu aligonga meza kwa kidole. "Umeona? Maneno matatu, manne, ndoa nzima iko mezani. Mimi ningetumia ukurasa." Majirani walimwita Nshomile, jina ambalo Mhaya msomi hupewa atake asitake, na yeye aliitika kwa fahari kabisa. Mimi aliniita Msukuma wa Michembe, kwa sababu nilikuwa nikimletea michembe ya nyumbani, akiitafuna na chai huku akilalamika kwamba viazi vilivyokaushwa juani ni chakula cha watu wasio na migomba. Alilalamika, lakini bakuli lilikuwa likirudi tupu.

Kazi yangu rasmi ilikuwa kupiga chapa na kupunguza maneno. Prodyuza alikuwa amesema wazi kwamba wahusika wa Mwalimu wanaongea kama wako bungeni, na kwamba nikiona mstari mrefu niukate. Hebu fikiria, binti wa miaka ishirini na mbili anamkatia maneno mwandishi ambaye kitabu chake tulikijibia mtihani. Siku za kwanza nilikata kwa hofu, baadaye nikakata kwa raha, na tukagombana karibu kila asubuhi. "Rudisha hilo neno." "Mwalimu, ameshalisema kwa macho." "Macho hayana sarufi, Kabula." Lakini mchana, tukila sato na ugali wa muhogo, alikuwa akisema bila kunitazama, "Lile neno, liache lilivyokatwa." Sijawahi kufanya kazi na mtu mkubwa aliyekubali kosa kwa wepesi ule, na nimefanya kazi na wengi tangu wakati huo.

Sasa niseme habari za daftari, maana ndilo kiini cha yote. Mwalimu aliandika kwenye kaunta buku, na kwa mazoea ya shule hakuvumilia daftari kubeba kazi moja tu. Mnakumbuka tulivyofanya sote: nusu ya kwanza Historia, unakunja ukurasa wa katikati kwa urefu, nusu ya pili Jiografia. Yeye alifanya vivyo hivyo. Nusu ya kwanza ilikuwa tamthilia. Baada ya ukurasa uliokunjwa zilikuja barua. Kila asubuhi kabla ya kugusa tamthilia aliandika barua ya ukurasa mmoja au miwili, kunawa mkono, alivyopenda kusema, na barua zote zilikuwa za mtu mmoja, mdogo wake Aurelia aliyeko Bukoba. Siku ya kwanza kabisa alinionyesha ule mkunjo akasema, "Mpaka hapa ni kwako. Kuanzia hapa si kwako." Nikasema sawa. Madaftari hayo manne ninayo leo, na Ma Aurelia ameniruhusu kunukuu barua za kazi. Moja tu hakuniruhusu, na hiyo sitainukuu.

Ninapozisoma sasa ninacheka peke yangu. "Mdogo wangu," anaandika wiki ya pili, "nimejifunza kwamba katika kazi hii mtu hafikiri. Akiwa na mawazo inabidi amwage chai, ndipo watazamaji wajue. Tangu Jumatatu nimewamwagisha chai watu wanne, na sasa prodyuza anauliza kwa nini nyumba hii haina kitambaa cha meza." Mahali pengine: "Leo wamenitaka nimuue bibi katika sehemu ya sita kwa sababu mwigizaji amepata safari. Nimekataa. Nimempeleka Ukerewe kumtazama shangazi yake, na huko atakaa mpaka mwigizaji arudi. Ni mara ya kwanza Ukerewe inaokoa maisha ya mtu kwa njia hii." Na hapa, barua ya mwezi wa tatu, nilipoifikia nilifunga daftari nikatoka nje kupunga hewa: "Nimepewa binti wa Kisukuma. Anakata maneno yangu kama anayepalilia pamba. Mara nyingi anakata magugu, mara nyingine anakata pamba. Lakini ana sikio. Akivumilia atanipita." Mwanamke huyo hakuwahi kunisifia uso kwa uso hata siku moja. Nililia, sioni aibu kulisema.

Barua hizo hazikutumwa. Hilo nililijua mapema, kwa sababu ya ndizi. Kila baada ya wiki mbili dereva wa lori la Bukoba alishusha kikapu mlangoni, ndizi za kupika zimefungwa vizuri kwa majani makavu, na msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, pakiti yao juu. Siku moja nikiwa nazimenya nikamuuliza nani anatutunza hivi. "Mdogo wangu," akasema. "Hataki kunisoma, lakini hataki nife njaa." Kisha akanieleza. Riwaya ile ya kwanza, iliyompa jina, ilisimama juu ya jambo la ndani ya ndoa ya Aurelia, jambo ambalo Aurelia alimweleza dada yake peke yake, mlango umefungwa. Mwalimu alibadilisha majina na kijiji. Kijijini kwao walihitaji siku mbili tu kumtambua mhusika. Mume aliondoka. Ilikuwa mwaka wa tisa sasa tangu Aurelia aseme naye mara ya mwisho. Mwalimu alituma barua tatu za kuomba radhi, na zote zilirudi ndani ya kikapu cha ndizi, hazijafunguliwa. Ndiyo maana aliacha kutuma, lakini kuandika hakuacha. Jambo lenyewe silitaji hapa, na aliyesoma riwaya ile naomba naye anyamaze.

Kosa langu lilitokea mwezi wa nane. Mgao wa umeme ulikuwa mkali, tulipata umeme asubuhi tu, na sehemu ya kumi na moja ilitakiwa Dar siku hiyo hiyo. Mwalimu alikuwa amekwenda hospitali kupima presha. Nilikuwa na mazoea mabaya ya kulilaza daftari chini ya kompyuta usiku kucha ili kesho likae wazi, na uzito ule ulikuwa umeulaza mkunjo mpaka ukurasa ukanyooka kama kurasa nyingine. Nikapiga chapa onyesho la mwisho, dada mkubwa anaingia jikoni kwa mdogo wake. Nikafungua ukurasa. Maneno yakaendelea: "Mdogo wangu." Sikushtuka. Tamthilia yetu ilikuwa ya dada wawili, na Mwalimu mara nyingi aliandika mazungumzo marefu bila kuweka jina la msemaji, kazi hiyo akiniachia mimi. Nikaweka jina la dada mkubwa juu, nikapiga chapa kurasa mbili nzima bila kupumua vizuri. Sikukata neno. Niliona hakuna la kukata, na nilijisikia fahari kwamba hatimaye amejifunza. Nikaweka kwenye disketi, nikaenda mjini, nikalituma onyesho kwa intaneti, nikarudi nyumbani nikiwa na furaha.

Siku ya tatu prodyuza alipiga simu. Tulikuwa tunakunywa chai. Mwalimu aliiweka simu mezani, spika imefunguliwa, kama alivyozoea, kwa sababu hakuamini kuishikilia sikioni. "Mama, umetumaliza," yule bwana akasema. "Yale maneno ya dada jikoni. Nimeyasoma ofisini, wahasibu wamelia." Mwalimu akaniangalia. "Maneno yapi?" Prodyuza akacheka, akadhani anatania, akaanza kumsomea. Alisoma sentensi mbili. Ya tatu Mwalimu aliitamka pamoja naye, kwa sauti ya chini, kisha akazima simu. Akavuta daftari, akapekua, akaupata ule ukurasa, akapitisha kidole kwenye alama ya mkunjo uliolala. Hakupandisha sauti. "Umepita mpaka," akasema tu.

Nilimwambia nisamehe, nikampigia magoti kabisa kwa adabu za kwetu. Akasema inuka, kosa ni la wote wawili, aliyelilaza daftari na aliyeweka siri kwenye daftari la kazi. Kisha akampigia prodyuza, akamwomba maneno hayo yatolewe. Yule bwana hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. Alibembeleza kwanza. Alisema waigizaji wameshayashika, kamera zinaingia Alhamisi, na kwa onyesho hilo moja watamwongezea tamthilia nzima nyingine na kumhamishia Dar, na yule mpiga chapa pia. Mwalimu akasema hapana. Prodyuza akasema basi mwandishi asiyetaka kuandika hatuna namna ya kuendelea naye. "Yatoe," Mwalimu akasema, "na mimi unitoe." Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya ndizi moja.

Hapo ndipo nilipokosa adabu, na ninaandika haya nikijua hayanipi sifa. Nilikuwa nimesikia "na yule mpiga chapa pia". Nilikuwa nimejiona Dar tayari. Nikamwambia ni kitu kizuri kuliko vyote ulivyoandika, majina hayapo, nani atajua? "Yeye atajua," akasema. Nikasema ni mtu mmoja tu. "Mtu mmoja ndiye niliyemuuza mara ya kwanza, Kabula. Nilimuuza nikapewa tuzo. Sasa nichukue radhi ninayomwomba nayo niiuze?" Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, radhi gani, Mwalimu, imelala kwenye daftari tangu uiandike, hujaipeleka, hutaipeleka, watu wa Dar wameisoma na mwenyewe hajui kama ipo. Afadhali iwafae wengine. Nilipomaliza nilitamani sakafu inimeze. Yeye alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa. "Hilo la mwisho ni kweli," akasema. Akachukua karatasi safi, akaanza kuinakili barua ile kwa mkono, neno kwa neno, akakaa dirishani mpaka zamu ya mchana ilipopita bombani na mara hii hakusikiliza. Siku iliyofuata nilimbebea begi mpaka bandarini, akapanda meli ya Bukoba na bahasha iko ndani ya Biblia. Niliporudi nilifunika kompyuta na kitambaa chake, nikafunga nyumba.

Sehemu ya kumi na moja niliitazama kwa jirani. Prodyuza alitimiza neno. Dada mkubwa aliingia jikoni, akamtazama mdogo wake, wakaweka muziki, wakakumbatiana. Jirani alisema imekaa vizuri. Mimi peke yangu pale sebuleni nilijua kilichotolewa, na ndipo nilipoanza kuelewa ukubwa wa yule mwanamke. Mtu anayetupa kazi mbaya si kitu, wote tunatupa. Yeye aliondoa kilicho bora, jina na riziki vikaondoka nacho, na tangu siku ile hadi kufa hakukidokeza popote. Riwaya yake ya pili haina dada hata mmoja. Miezi miwili baadaye alipita Mwanza, nikamkuta stendi amenona kidogo. Nilimuuliza alipokelewaje. "Nilipokelewa," akasema, akanipa kikapu cha ndizi. Nilimuuliza mara tatu tena katika miaka iliyofuata, jibu likawa lile lile. Nami nikaingia kwenye kazi hii ya tamthilia, ambayo ndiyo inanilisha mpaka leo, bila kujua ile barua ilifanya nini.

Nimekuja kujua mwezi uliopita. Siku ya pili baada ya maziko Ma Aurelia aliniita ndani, chumba kimetandazwa nyasi mbichi, akanipa kahawa za kutafuna kama wanavyompa mgeni, na akanisogezea yale madaftari manne. "Ameacha neno upewe," akasema. Ni mama mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka mbali. Nilimwomba ruhusa ya kuandika habari za mwaka ule, nikakiri kosa langu lote. Alinisikiliza akitafuna. Kisha akanieleza. "Alifika na bahasha. Nikamwambia, weka chini. Umeniandika vya kutosha, mimi si karatasi. Kama una neno, liseme." Nikauliza alisema nini. "Hakusema. Dada yangu yule, aliyewanyamazisha maprofesa, alisimama pale mlangoni anafungua mdomo na kuufunga. Machozi tu. Nilimwacha asimame mpaka ndizi zikaiva. Halafu nikamwambia ingia ule."

"Na barua?"

"Niliitia kwenye jiko bila kuifungua. Yeye anaona. Akaendelea kula."

Nilihesabu kichwani, na hesabu ilinitia uchungu. Nilikuwa nimeisoma mimi. Prodyuza aliisoma, wahasibu waliisoma, waigizaji wawili waliishika kwa moyo. Aliyeandikiwa peke yake hakuwahi kuijua, na aliyeandika sasa yuko chini ya migomba. Ma Aurelia naye alikuwa akiyatazama madaftari. Akauliza, polepole, kama hapo ndani ipo. Nikamwambia ipo, daftari la tatu, katikati. Akasema miwani yake ni mibovu, na wajukuu hataki waisome, na kwa kuwa mimi nilishaiona, kuiona tena hakutaongeza kitu. "Soma," akasema.

Nikasoma. Nilisoma kurasa zote mbili bila kuruka neno. Yeye alikuwa ameinama, mkono mmoja unapapasa nyasi. Nilipomaliza alinyoosha mkono huo, nikaelewa, nikazichana zile kurasa taratibu ili daftari lisilegee, nikampa. Alizikunja akazifunga kwenye pindo la kitenge chake. Akasema za kazi naweza kuandika kadiri nipendavyo, dada yake alikuwa mcheshi na watu wajue. Hii, hapana. Nje walikuwa wanaosha masufuria ya msiba.

"Ni nzuri mno," akasema mwishowe. "Angenisomea siku ile mlangoni, nisingemwamini."